Kupiga picha na simu mpaka kuiprinti na itoke picha kweli, sio viboksi

Babu yetu alipofariki mimi ndo niliambiwa nishughulikie picha ya kuweka mezani pale msibani, maana "wewe si ndo mtu wa simu simu". Ilikuwa saa 4 asubuhi na mazishi saa 10. Nikauliza kwenye grupu la familia nani ana picha nzuri ya babu, dakika tano tu zikamwagika, nyingine skrinshoti ya status ya mtu, nyingine imekatwa kutoka picha ya harusi ambayo babu kasimama nyuma ya keki, nyingine ina maua na maandishi ya happy birthday yamempita kidevuni. Nikachagua moja anacheka, kwenye simu imetulia kabisa, nikakimbia studio nikamwambia fundi nitolee A3 na fremu. Fundi akaniangalia, akaniuliza una uhakika kaka, nikamwambia we printi tu. Ilivyotoka uso wa babu ulikuwa viboksi viboksi kama mkeka, macho huyaoni, alafu fundi kwa huruma zake aliona mzee katoka giza akamng'arisha, basi babu akawa na rangi ya chai ya maziwa. Shangazi aliishika ile fremu akaitazama weee, akasema "mwanangu, huyu ni nani?"

Fundi simlaumu sana. Ile picha ilikuwa imeshaharibika kabla haijafika kwake, ilipigwa juani, ikatumwa WhatsApp, mtu akaipiga skrinshoti, akaituma tena, ndo nikaipeleka mimi. Kila inapopita inaacha kitu njiani. So hapa naandika safari nzima, kuanzia unaposhika simu mpaka unapotundika ukutani, na kama una haraka ruka kote huko nenda kwenye sehemu ya kutuma faili, maana asilimia kubwa ya picha ninazoona zimekufa zimefia hapo.

Hatua ya 1: simu yenyewe, kabla hujaanza

Futa lenzi. Najua unaona ni utani lakini simu inakaa mfukoni na mafuta ya vidole na vumbi la bodaboda, ukipiga hivyo picha nzima inakuwa na ukungu na taa zote zinatoa mikia. Tisheti ya pamba au kipande cha kanga iliyolainika inatosha, usitumie gazeti wala pindo la jinzi.

Alafu ingia settings za kamera ufanye mambo machache mara moja tu usahau. Weka ratio (umbo la picha) 4:3, hiyo ndo inatumia sensa yote, kile kipande kinachonasa mwanga ndani ya kamera ya simu nyingi, ukiweka 16:9 au ile full inayojaza skrini simu inakata pembezoni hata kama hujaomba. Zima beauty. Simu zetu hizi nyingi zinakuja beauty imewashwa kutoka dukani, kwenye skrini unajiona mlaini, kwenye karatasi unakuwa sanamu la nta, makunyanzi ya bibi yamepotea na bibi mwenyewe amepotea nayo. Zima na yale maandishi ya jina la simu kwenye kona, nimeshaona picha ya kipaimara kwenye fremu nzuri ya dhahabu, chini kushoto imeandikwa aina ya simu na megapikseli zake kama tangazo.

Wenye iPhone, picha zenu zinajisevu kwa faili la HEIC na kompyuta nyingi za steshenari hazilifungui, unafika pale fundi anakwambia picha yako haina kitu. Nenda Settings, Camera, Formats, chagua palipoandikwa Most Compatible, zitaanza kutoka JPEG.

Na usivute kwa vidole viwili. Ile zoom ya kuvuta, ukipita lenzi halisi za simu, ni kukata picha katikati na kuikuza tu, hakuna kingine. Tembea. Miguu ndo zoom.

Hatua ya 2: mwanga, hapa kaa kidogo

Jua la Dar ni zuri kwa kukausha dagaa, kwa uso wa mtu sio. Sisi tupo kama nyuzi 7 kusini mwa ikweta, kwa hiyo kuna vipindi, mwanzoni mwa mwezi wa tatu hivi na tena mwezi wa kumi, jua la mchana linasimama utosini kabisa, hata kivuli chako unakikanyaga. Ukimpiga mtu saa hizo macho yanageuka mashimo na kivuli cha pua kinaanguka juu ya mdomo kama masharubu, nimeona bibi harusi ana masharubu ya kivuli picha nzima ya familia. Kwenye skrini unaweza kuvumilia kwa sababu skrini inatoa mwanga wake yenyewe. Karatasi haina taa ndani, yale maeneo meusi yanazidi kuziba, yale mashimo ya macho yanakuwa mashimo kweli.

Saa nzuri ni asubuhi mpaka saa 3 hivi, na jioni kuanzia saa 10 na nusu mpaka jua linazama, pale saa 12 na dakika zake. Jioni jua liko chini, lina rangi ya asali, na ngozi zetu nyeusi zinapokea ule mwanga vizuri kuliko kitu chochote utakachonunua.

Sasa sherehe haikusubiri wewe, watu wamekuja saa 7 mchana. Nenda barazani. Wazee waliojenga nyumba zenye baraza walitujengea studio bila kujua. Mtu akae ndani ya kivuli cha paa lakini karibu na ukingo, uso uangalie nje uani, wewe usimame nje kwenye jua mgongo ukuungue wewe. Mwanga wa anga unamjia usoni laini, na kama uwanja ni mchanga mweupe au sementi unarudisha mwanga kutoka chini unajaza pale chini ya macho na kidevu. Kama hakuna baraza, mlangoni ni vilevile, mtu asimame hatua moja ndani ya mlango akiangalia nje. Ndani ya nyumba, dirishani, mtu asiupe mgongo dirisha, akae ubavu, alafu uzime taa ya ndani, maana mwanga wa dirisha na wa taa rangi zake hazifanani, shavu moja linakuwa bluu lingine njano na hakuna fundi wa kukutenganishia hiyo.

Kuna mitego ya rangi pia. Chini ya turubai la bluu watu wote wanakuwa bluu, ndo maana picha za msibani mchana zinatisha. Hema la harusi lenye vitambaa vya pinki linakupa wageni wa pinki. Chini ya mwembe uso unakuwa na ukijani na madoadoa ya jua kama chui. Toka pembeni hatua kumi tu, tatizo limeisha.

Usiku flashi ya simu inafika mita mbili tatu, ukiwasha kupiga ukumbi mzima unaangaza visogo vya watu wa mbele tu. Bora mwenzako awashe tochi ya simu yake, asimame pembeni yako sio nyuma yako, aifunike na tishu nyeupe moja ilainishe mwanga, alafu wewe ushike simu kwa mikono miwili viwiko vimebana mbavuni, utulie mpaka simu imalize kupiga. Usiku simu inapiga polepole, ukitikisika ndo zile picha za mizimu.

Hatua ya 3: gusa uso, pandisha jua

Simu ina akili yake, inataka kila picha iwe na mwanga wa wastani, haijui nani ni nani. Ukimweka mtu mweusi mbele ya ukuta mweupe, simu inaona weupe mwingi, inasema mwanga umezidi, inapunguza, ukuta unatoka wa kijivu na mtu wako anazama anabaki meno. Alafu watu wanasema "mi huwa sitoki vizuri kwenye picha". Hapana, simu ndo imekukosea hesabu.

Dawa yake ni sekunde mbili. Gusa uso wa mtu kwenye skrini, itatokea duara na kijijua pembeni, kiburute hicho kijijua juu kidogo mpaka uso uonekane kama unavyouona kwa macho. Ukibonyeza usoni bila kuachia simu nyingi zinafunga kabisa, hata mtu akisogea mwanga haubadiliki. Au usipate shida, badilisha ukuta, mlango wa mbao, ukuta wa udongo, majani ya mgomba kwa mbali, hivyo vyote vinakaa vizuri na ngozi yetu.

Harusini kuna kazi zaidi, bibi harusi ana shela jeupe, bwana harusi suti nyeusi, wote kwenye picha moja. Hapo mimi naangalia shela kwanza. Ukiona nakshi za shela bado zinaonekana uko salama, zikishapotea likawa jeupe tupu hakuna programu ya kuzirudisha, ila uso uliotoka giza kidogo unaweza kuunyanyua baadaye. Na jasho, jamani, mpe mtu leso afute paji la uso na pua kwanza. Kwenye simu ile ni kung'aa, kwenye karatasi ni doa jeupe.

Portrait mode ile ya kufifisha nyuma naitumia kwa tahadhari sana. Inakata kilemba, inakula hereni moja, nywele za afro zinakuwa kama zimepitishiwa mkasi. Kabla mtu hajaondoka ikuze uangalie pembezoni mwa kichwa. Ukitaka nyuma pafifie kwa asili, msogeze mtu mbali na ukuta mita tatu nne, tumia lenzi ya 2x kama unayo ya kweli, na usimsogelee sana usoni, ukikaribia na lenzi ya kawaida pua inavimba.

Hatua ya 4: watu wengi

Hii fupi. Usitumie lenzi ya 0.5 kwa kundi, wa pembeni wote wanavutwa wanakuwa wanene, na kwa kawaida pembeni wanasimama mashangazi, utakuja kuniambia. Rudi nyuma. Wafupi mbele, wa nyuma wapande ngazi au viti. Hesabu kwa sauti moja mbili tatu alafu piga nane mfululizo, lazima kuna mtu atafumba, kwenye nane utapata moja. Na uache nafasi juu ya vichwa na chini ya miguu, sababu yake nakuja nayo kwenye saizi.

Hatua ya 5: kuediti, kidogo kama chumvi

App iliyokuja na simu inatosha. Nyoosha iliyopinda, pandisha vivuli kidogo, basi. Kitu kimoja tu cha kukumbuka, karatasi siku zote inatoka giza kuliko skrini, kwa hiyo shusha mwanga wa skrini yako mpaka nusu ndo uangalie. Ukiwa umeweka mia kwa mia kila picha inaonekana inang'aa, unaipeleka, inatoka usiku. Nikishaona imekaa sawa kwenye nusu naongeza mwanga kidogo tena juu yake, kama vile unavyozidisha kipimo cha mchele ukijua wageni huwa wanakuja zaidi ya waliosema.

Filta weka za Instagram, za kuprinti achana nazo. Na zile app za akili bandia zinazosafisha sura iliyofifia, angalieni sana kwa picha za marehemu. Hazirudishi sura, zinabuni. Nilijaribu kwenye ile ya babu, ikampa meno kamili, mzee ambaye alikuwa na pengo tangu namjua.

Hatua ya 6: kutuma faili, hapa ndo picha zinafia

Picha ya simu ya megapikseli 12 ina pikseli, yaani vile vidoti vinavyounda picha, 4000 kwa 3000, uzito wake MB mbili, tatu, tano. Ukiituma WhatsApp kawaida, ile ya kubonyeza gallery na kutuma, inabanwa upande mrefu unabaki kama pikseli 1600 na uzito unashuka mpaka KB mia na kitu. Kwenye skrini ya simu huwezi kuona tofauti, ndo ubaya wake, ungeona ungestuka. Tangu 2023 wameweka kitufe cha HD, hicho afadhali, lakini nacho kinabana.

Fanya hivi: bonyeza klipu, chagua Document, usichague Gallery, itafute picha humo, tuma. Inakwenda faili kama ilivyo, haijaguswa. Inakula bando ndio. Bluetooth nayo inapeleka kama ilivyo, au flashi. Flashi ya kuchomeka kwenye kompyuta namaanisha, sio ile ya kuwaka. Ukiipeleka steshenari weka picha za kuprinti peke yake, usiende na flashi yenye vyeti vyako na kazi za ofisini, kompyuta za pale zinapokea flashi mia kwa siku na virusi wake, ukirudi nyumbani skani kwanza ndo ufungue.

Kujua kama picha uliyonayo ni nzima, angalia details zake kwenye simu. Kwenye Android picha iliyopokelewa WhatsApp inakuwa na jina kama IMG, tarehe, alafu WA na namba. Ukiona hiyo WA, jua hiyo sio ya kwanza, mtafute aliyepiga. Mtafute kweli, mpigie simu, usione aibu, mwambie mjomba naomba ile picha ya babu anacheka unitumie kama document. Atauliza document ndo nini, utamwelekeza dakika kumi, ni sawa tu. Skrinshoti ndo usiniambie kabisa, skrini nyingi zina upana wa pikseli 720 au 1080, na picha yenyewe inakaa katikati tu na mistari myeusi juu na chini, unaprinti mistari. Instagram nayo hukupa upana wa 1080.

Hatua ya 7: hesabu ya saizi, ni kugawanya tu

Studio wanakwambia 4R, 5R, 8R. Ile namba ni inchi za upande mfupi. 4R ni inchi 4 kwa 6, sawa na sentimita 10 kwa 15, ile picha ya albamu. 5R ni 5 kwa 7. 8R ni 8 kwa 10. A4 ni sentimita 21 kwa 29.7 na A3 ni mara mbili yake.

Chukua pikseli za upande mrefu wa picha, gawanya kwa inchi za upande mrefu wa karatasi. Jibu ni pikseli ngapi zinaingia kwenye inchi moja. Ukipata 300 ni safi kabisa. 200 nzuri, wengi hawatajua. 150 inapita kama ni ya ukutani na watu wanaiangalia kwa mbali. Ukishuka chini ya 100 ndo mkeka wa babu.

Mfano, upande mrefu wa A3 ni inchi 16.5. Picha nzima ya 4000 inakupa 242, hapo kunywa maji. Iliyopita WhatsApp ya 1600 inakupa 97. Skrinshoti ya simu ya upana 1080, picha iliyosimama ndani yake inakuwa kama 1080 kwa 1440, gawanya hapo, 87, na hiyo ikishatumwa tena kwenye grupu hata 87 yenyewe huna. Sasa ile ya 1600 ukiitoa 4R inakupa 266, inapendeza kabisa! Kwa hiyo ukikwama na picha ndogo dawa ni kushusha karatasi. Picha ndogo safi kwenye fremu yenye karatasi nyeupe pana pembeni ina heshima kuliko kubwa iliyochakaa. Ningelijua hilo siku ile.

Kingine ni umbo. Simu inapiga 4:3 na 4R ni 3:2, hazilingani, so mashine ikijaza karatasi inakata karibu sehemu moja ya tisa ya upande mfupi. Kwenye picha ya kundi iliyolala hiyo ni nywele za waliosimama nyuma au viatu vya waliokaa mbele. Ndo maana nilisema uache nafasi. Kata mwenyewe nyumbani kwa ratio ya 3:2, ukate kopi sio ya kwanza, uamue wewe nani anabaki na miguu. Usimwachie mashine.

Hatua ya 8: studio, mashine na karatasi

Steshenari ya kutolea fotokopi ikikwambia "tunatoa picha" uliza wanatolea nini. Mashine ya leza kwenye karatasi ya kawaida ya gramu 80 inafaa vipeperushi, uso wa mtu unatoka mkavu, umejaa vidoti.

Wengi mtaani wana printa za wino zenye matanki, ile Epson L805 ya rangi sita utaikuta sehemu nyingi, na kwa kweli inatoa picha nzuri ikipewa karatasi ya picha yenyewe, gramu 200 kwenda juu. Udhaifu wake ni maji. Wino wake wa kawaida kwenye karatasi ya bei rahisi ukigusa na kidole kilicholowa unaondoka nao, na huku pwani unyevu haukosekani. Ukiona mistari myembamba imepita picha nzima, sindano za wino zimeziba, mwambie fundi asafishe kichwa cha printa arudie, usikubali "ikikauka itaisha". Haiishi.

Zile ndogo za passport size zinazoingiza karatasi na kutoa, kuingiza na kutoa, mara nne, kwanza njano, alafu inakuja nyekundu ya waridi, alafu bluu, mwisho ganda la juu, hizo picha yake inatoka kavu na ukiloweka kidole haichujuki. Kwa 4R ni nzuri sana. Na studio kubwa za mjini zina mashine ya maabara, inachoma picha kwa mwanga kwenye karatasi ya dawa alafu inaioshea ndani, ndo maana wazee mpaka leo wanasema wanaenda kusafisha picha. Kwa albamu ya harusi, picha nyingi kwa mkupuo, mi napeleka huko.

Karatasi: glosi inang'aa rangi inakolea, ila ukiiweka kwenye fremu ya kioo inayoelekea dirishani hutaona mtu utaona dirisha, na kila kidole kinaacha alama. Mati haing'ai, inafaa ukutani na picha za black and white. Kuna ya katikati, ina vichembe kama ganda la chungwa, hiyo ndo napenda kwa albamu inayopita mikono ya watoto.

Alafu mwambie fundi kwa mdomo wako, kabla hajafungua Photoshop: usiguse rangi ya ngozi. Mafundi wengi wamezoea kung'arisha, mteja asiposema wanampaka poda, wanadhani wanakusaidia. Mimi sasa hivi nasema "fundi, bibi ni mweusi, namtaka mweusi", tunacheka, kazi inaenda.

Toa moja ya 4R kwanza kabla ya kubwa, bei yake ndogo hata ukiitupa huumii. Toka nayo nje mlangoni uiangalie kwa mwanga wa mchana, taa za ndani za studio zinadanganya. Kama ni giza sema ongeza mwanga kidogo, kama nyekundu sema, ukiridhika ndo aitoe hiyo kubwa, kwa mashine ileile na karatasi ileile.

Picha za zamani za makaratasi

Ile ya babu na bibi ya studio ya miaka hiyo, yenye pazia lililochorwa milima nyuma, ukipata skana ni bora, mwambie aweke 600 dpi, yaani vidoti 600 kwa kila inchi, picha ya inchi 3 kwa 4 itakupa pikseli 1800 kwa 2400, unaweza kuitoa 8R bila wasiwasi mkubwa. Huna skana, ilaze mezani karibu na dirisha, sio juani, simu iwe juu yake sambamba kabisa, flashi imezimwa, utumie lenzi ya kawaida na usisogee sana mpaka kivuli chako kikaingia. Kama imegandia kwenye kioo cha fremu usiivute! Itaacha uso kiooni. Ipige hivyohivyo na kioo, shikilia kanga nyeusi au shuka la rangi nzito nyuma ya simu likate mng'ao.

Hatua ya 9: fremu na mgongo wa picha

Picha ya wino iache wazi siku nzima ikauke ndo uifunge kwenye kioo. Isiguse kioo, weka karatasi ngumu ya kuzunguka iache kaupenyo, maana unyevu wa huku ukiingia katikati picha inagandia na hiyo ndo habari niliyosema hapo juu. Usiitundike ukuta unaopigwa na jua, rangi zinakimbia. Albamu zile za kunata za nailoni zinaipa picha umanjano baada ya mda, chukua za mifuko.

Mgongoni andika majina, mwaka na mahali. Penseli haishiki kwenye karatasi ya picha na kalamu ya kawaida ukikandamiza inatokeza mbele usoni kwa mtu, tumia maka ile ya kuandikia CD, pembeni kabisa, isubiri ikauke kabla hujazipanga juu ya nyingine. Kwenye sanduku la babu tulikuta picha 40 na kitu, safi kabisa, kali, za maabara, na katika moja kakaa na kijana amevaa kofia wameshikana mabega wanacheka. Tumezunguka nayo kwa wazee wote waliobaki. Mgongoni pameandikwa tu "mimi na yeye".